Kukosea Kwenye Karatasi: Jinsi Usanifu wa Majengo Unavyofundishwa kwa Michoro na Vielelezo

Huko Kenyamonta, katika nchi ya Wangoreme, Wilaya ya Serengeti, mjenzi wa nyumba ya msonge hakuhitaji karatasi wala penseli. Alichomeka kijiti ardhini mahali palipokusudiwa kuwa katikati ya nyumba, akafunga kamba kwenye kijiti hicho, akainyoosha kwa kadiri ya upana alioutaka, kisha akazunguka nayo huku akiukwaruza udongo kwa ncha ya kijiti cha pili. Alipomaliza mzunguko, duara lilikuwa limekamilika. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza hufanya jambo lilo hilo kwa bikari katika daftari la hisabati. Duara la mjenzi lilikuwa ramani kamili ya nyumba, na tofauti yake na ramani za wasanifu ni kwamba lilichorwa kwa ukubwa ule ule wa nyumba yenyewe.

Msonge haukuhitaji karatasi kwa sababu kila mtu aliubeba kichwani mwake. Vijana waliokata miti, wanawake waliokanda udongo na wazee walioezeka nyasi walikuwa wamelala, wamekula na kukua ndani ya nyumba za namna hiyo. Walijua kwamba paa la nyasi halina budi kuwa na mteremko mkali ili maji ya mvua yateleze kabla hayajapenya. Walijua mlango uelekee wapi, na moto ukae wapi. Makosa yalikwisha kufanywa na kusahihishwa na vizazi vilivyotangulia.

Leo wananchi wa kata nyingi za Mara, kama wenzao katika mikoa mingine, hujenga pia vitu ambavyo hakuna babu aliyeviacha kichwani mwa mtu: madarasa, maabara, zahanati, nyumba za walimu. Aghalabu wao ndio wanaosomba mchanga na mawe, na ndio wanaotoa michango. Ikiwa dirisha limewekwa upande usiofaa, wanafunzi watakodoa macho mbele ya ubao unaong'aa kwa miaka thelathini. Ikiwa paa halikufungwa sawasawa kwenye ukuta, upepo wa msimu mmoja waweza kulibeba. Kosa lililoko kwenye karatasi hufutwa kwa kifutio, lakini kosa lililoko kwenye tofali hufutwa kwa nyundo na kwa fedha za watu ambao walikwisha kuchanga mara moja. Fani ya usanifu wa majengo imejengwa juu ya ukweli huu mmoja, nayo hufundishwa kwa kumpa mwanafunzi nafasi ya kukosea mapema, mara nyingi na kwa gharama ndogo.

STUDIO NI MAHALI GANI?

Mwanafunzi wa udaktari hujifunza kando ya kitanda cha mgonjwa, na mwanafunzi wa kemia hujifunza katika maabara. Mwanafunzi wa usanifu wa majengo hujifunza katika studio. Hiki ni chumba kipana chenye mwanga wa kutosha, chenye safu za meza za kuchorea na kuta ambazo michoro yaweza kubandikwa. Mihadhara ya historia, hesabu za nguvu za majengo na sayansi ya vifaa hutolewa mahali pengine. Studio ni mahali ambapo yote hayo hukutanishwa katika kazi moja.

Kazi huanza kwa swali wala si kwa jibu. Mwalimu hutoa tatizo: zahanati ndogo juu ya kiwanja chenye mteremko, au soko la mazao penye njia panda. Mwanafunzi hukizuru kiwanja, hukipima, huangalia maji yanakopita na upepo unakotoka, huwauliza watakaolitumia jengo wanachokihitaji, kisha hurudi mezani na kuanza kuchora. Hakuna kitabu chenye jibu nyuma yake. Wanafunzi thelathini hupewa tatizo moja, nao huleta majibu thelathini, na mengi kati ya hayo huwa na ubora wa namna fulani na upungufu wa namna nyingine.

Katika Tanzania, chuo kilichobeba kwa muda mrefu mzigo wa elimu hii kiko Dar es Salaam. Mizizi yake ni shule ya upimaji wa ardhi iliyoanzishwa mwaka 1956. Mwaka 1972 kikawa Chuo cha Ardhi. Mwaka 1996 kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Na tangu mwaka 2007 ni Chuo Kikuu Ardhi. Kwa hiyo usanifu umelelewa hapo pamoja na upimaji na mipango miji, fani ambazo nazo haziwezi kusema lolote pasipo ramani.

LUGHA YA MICHORO

Michoro ya msanifu ni lugha, na kama lugha yoyote ina kanuni zake. Sentensi tatu za mwanzo ambazo mwanafunzi hujifunza ni ramani ya sakafu, mkato na sura ya nje.

Ramani ya sakafu ni jengo lililokatwa kwa ulalo, kama mtu anayekata chungu kwa msumeno kupita katikati ya tumbo lake, kisha akaondoa sehemu ya juu na kutazama ndani kutoka angani. Hapo huonekana unene wa kuta, nafasi za milango na jinsi vyumba vinavyopakana. Mkato ni jengo lililopasuliwa kwa wima, toka kileleni mwa paa hadi chini ya msingi. Huo huonyesha kimo cha chumba, mteremko wa paa na njia ya mwanga. Sura ya nje ni jengo linavyoonekana kutoka upande mmoja, likiwa limetandazwa bapa bila umbali.

Michoro hii mitatu hubanwa na kitu kimoja, yaani skeli. Darasa lenye urefu wa mita 9 na upana wa mita 7, likichorwa kwa skeli ya 1:50, huwa na sentimita 18 kwa 14, nalo hutosha ndani ya ukurasa wa daftari. Skeli ndiyo inayoufanya mchoro uwe ahadi badala ya picha tu. Mtu yeyote mwenye rula anaweza kuupima na kujua kitakachojengwa.

Kabla ya michoro hiyo mitatu, hata hivyo, kuna mchoro mwingine ambao mwanafunzi hutakiwa kuufanya haraka na bila rula. Huchora viduara, kila kimoja kikiwa na jina la shughuli: mapokezi, kungojea, chumba cha mganga, dawa, choo. Kisha huunganisha viduara kwa mistari; mstari mnene kwa shughuli zinazohitaji kukaribiana, mstari mwembamba kwa zile zinazoweza kutengana. Mchoro huu hauonyeshi ukuta wowote. Huonyesha mahusiano. Mwanafunzi akiona kwamba mama mjamzito atalazimika kupita katikati ya wagonjwa wa kifua ili afike kwa mkunga, hukata mstari na kuhamisha kiduara. Amekwisha kulizuia tatizo zito kabla hajachora tofali hata moja.

JUA LA KENYAMONTA JUU YA KARATASI

Faida ya mkato huonekana vizuri zaidi kwa hesabu. Kenyamonta iko nyuzi moja na nusu hivi kusini mwa Ikweta. Mwishoni mwa Juni, jua husimama nyuzi 23.5 kaskazini ya Ikweta. Kwa hiyo linapofika kilele chake mchana, liko upande wa kaskazini wa mtazamaji, na kimo chake ni nyuzi 90 ukitoa 25, yaani 65. Mwishoni mwa Desemba hali hugeuka: jua huwa upande wa kusini, na kimo chake ni nyuzi 68.

Sasa mwanafunzi achore mkato wa ukuta unaotazama kaskazini, wenye upenu uliojitokeza sentimita 60. Achore mstari mmoja kutoka ukingo wa upenu, ukishuka kwa pembe ya nyuzi 65. Tanjenti ya 65 ni 2.14, hivyo kivuli kitashuka ukutani sentimita 60 mara 2.14, yaani takriban sentimita 128. Dirisha la kawaida limefunikwa karibu lote. Asubuhi na alasiri mstari huo hulala zaidi, lakini saa hizo jua huwa pembeni, wala haliukabili ukuta huo uso kwa uso.

Mwanafunzi huyo huyo achore sasa ukuta unaotazama magharibi. Mwezi Machi au Septemba, saa mbili kabla ya machweo, jua liko mbele ya ukuta huo kwa kimo cha nyuzi 30 tu. Tanjenti ya 30 ni 0.58. Upenu ule ule wa sentimita 60 hutoa kivuli cha sentimita 35, na jua lote lililobaki huingia ndani na kuchoma migongo ya watoto.

Jibu limejitokeza lenyewe kwenye karatasi. Karibu na Ikweta, darasa ambalo kuta zake ndefu zenye madirisha hutazama kaskazini na kusini, na kuta zake fupi hutazama mashariki na magharibi, litakuwa na kivuli kwa gharama ndogo ya bati. Darasa hilo hilo likigeuzwa robo duara kwenye kiwanja, kwa tofali zile zile na fundi yule yule, litakuwa tanuri kila alasiri. Uamuzi huo hauna gharama yoyote siku ya kuchora, bali baada ya msingi kuchimbwa haubadiliki tena.

KIELELEZO HUSEMA KWELI, NA HUDANGANYA

Mchoro una udhaifu mmoja: hutaka msomaji aliyefunzwa. Mtu ambaye hakupata kuona mkato huweza kuutazama kwa heshima bila kuuelewa. Hapo ndipo kielelezo, yaani jengo dogo lililotengenezwa kwa karatasi ngumu, mbao nyepesi au udongo, kinapohitajika. Kielelezo huzungushwa mkononi, huchunguliwa mlangoni, na paa lake huweza kufunuliwa. Mjumbe wa kamati ya ujenzi na mwanafunzi wa usanifu hukitazama kwa haki sawa.

Lakini mwanasayansi hana budi kuuliza: kitu kidogo chaweza kusema nini juu ya kitu kikubwa? Jibu ni kwamba inategemea jambo linaloulizwa.

Juu ya mwanga, kielelezo husema kweli. Kikiwekwa nje chini ya anga lile lile, na madirisha yakiwa na ukubwa wa kiskeli, na kuta zikiwa na rangi zile zile, mgawanyiko wa mwanga ndani yake huwa sawa na wa chumba halisi. Ndiyo maana wasanifu hutoboa tundu dogo ukutani mwa kielelezo na kuchungulia: kona yenye giza ndani ya boksi itakuwa kona yenye giza ndani ya darasa.

Juu ya nguvu, kielelezo hudanganya. Mwanasayansi wa Italia Galileo Galilei alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1638. Tuseme kielelezo kimetengenezwa kwa skeli ya 1:20 na kwa mti ule ule wa jengo halisi. Urefu, upana na kimo vyote vikiongezeka mara 20, uzito huongezeka 20 mara 20 mara 20, yaani mara 8,000. Lakini eneo la mkato wa nguzo inayobeba uzito huo huongezeka 20 mara 20 tu, yaani mara 400. Kwa hiyo kila sentimita ya mraba ya nguzo halisi hubeba mzigo mkubwa mara 20 kuliko ile ya kielelezo. Paa la mabua linalosimama imara juu ya meza halithibitishi kabisa kwamba paa la mbao litasimama juu ya darasa. Kwa swali hilo mwanafunzi hurudi kwenye hesabu.

Liko jambo la tatu ambalo kielelezo hulieleza kwa usahihi wa ajabu, nalo ni umbo la tao. Mwanasayansi wa Kiingereza Robert Hooke aliandika mwaka 1675 kwamba mnyororo unaoning'inia, ukipinduliwa juu chini, hutoa umbo la tao linalosimama. Mnyororo huweza kuvuta tu wala hauwezi kusukuma. Ukipinduliwa, kila mvuto hugeuka msukumo, na tofali na mawe huvumilia msukumo vizuri. Umbo hilo halibadiliki kwa ukubwa. Msanifu Antoni Gaudí wa Uhispania alitumia miaka kumi hivi kutengeneza kielelezo cha kanisa karibu na Barcelona kwa nyuzi zilizoning'inizwa darini na vifuko vidogo vya risasi. Alikipiga picha, akaipindua picha, akaona kanisa lake limesimama.

MBELE YA UKUTA

Siku ngumu kuliko zote katika studio ni siku ya kubandika michoro ukutani. Mwanafunzi husimama mbele ya kazi yake, na walimu, wenzake, pengine na wageni waalikwa, humhoji. Mvua ikinyesha kutoka upande huu, wanaongojea watasimama wapi? Mtoto atumiaye kiti cha magurudumu ataingia kwa njia ipi? Tangi la maji limebebwa na nini? Mchoro haujui kujitetea. Ama jibu limo ndani yake, ama halimo.

Wako wanaoudhani utaratibu huu kuwa ni ukali usio na maana, na kwa kweli mhakiki asiye na busara huweza kumvunja moyo kijana. Lakini maana yake ni nzito. Maswali hayo hayo yangeulizwa na jengo lenyewe, tena bila huruma, baada ya watu kuhamia. Baada ya mahojiano mwanafunzi hutandaza karatasi angavu juu ya mchoro wa kwanza, hufuatisha yaliyo mazuri, huacha yaliyo mabaya, na kuchora upya. Mtaalamu wa Marekani Donald Schön, aliyechunguza mafunzo ya studio na kuandika juu yake katika kitabu cha mwaka 1983, aliifananisha kazi hii na mazungumzo: mchoraji hutia mstari, mstari humjibu kwa jambo ambalo hakulitazamia, naye hutia mstari mwingine kwa kuzingatia jibu hilo.

Siku hizi sehemu kubwa ya michoro hukamilishwa kwa kompyuta, na kielelezo huweza kuzungushwa kwenye kioo chake. Mazungumzo, hata hivyo, ni yale yale. Kompyuta huchora kosa kwa unadhifu ule ule inaochorea jambo la sawa.

KUTOKA KARATASI HADI KARIAKOO

Mfano ambao Mtanzania yeyote aliyefika Dar es Salaam anaujua ni Soko la Kariakoo, lililojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kufunguliwa mwaka 1975 na Rais Julius Nyerere. Msanifu wake alikuwa Beda Amuli, mmoja wa Waafrika wa kwanza wa Afrika Mashariki kupata shahada ya usanifu wa majengo, aliyesomea katika chuo cha Technion, Haifa, nchini Israel. Paa la soko hilo ni msururu wa miavuli mikubwa ya zege inayotanuka juu ya nguzo zake kama miti inavyotanua matawi, na chini yake wachuuzi hukaa kivulini kama walivyokaa chini ya miti katika masoko ya vijijini. Moto uliliharibu soko mwezi Julai 2021, na ukarabati ukafuata.

Mtu akitazama mwavuli mmoja tu wa paa lile, ataona kwa nini kazi kama hiyo haiwezi kuanza kwa kumwaga zege. Wazo la kwanza, yaani mti na kivuli, lilikuwa la zamani kama msonge. Kazi ya karatasi ilikuwa kulifanya wazo hilo lipimike: unene hapa, nondo pale, maji ya mvua yateremkie wapi.

JARIBIO KWA WANAFUNZI

Shule haihitaji studio ya chuo kikuu ili ianze. Wanafunzi na walimu waweza kufanya haya kwa wiki mbili.

1. Pimeni darasa lenu kwa futi kamba: urefu, upana, kimo, unene wa kuta, madirisha na upenu. Choreni ramani ya sakafu na mkato kwa skeli ya 1:50.

2. Tafuteni kaskazini kwa kivuli cha kijiti kilichosimamishwa wima. Wekeni alama ya ncha ya kivuli kila baada ya robo saa. Kivuli kifupi kuliko vyote hulala kwenye mstari wa kaskazini na kusini. Kwenye mkato, choreni miale ya jua la Juni na ya Desemba, nanyi mkokotoe kivuli cha upenu kwa tanjenti.

3. Tengenezeni kielelezo cha darasa kwa boksi, kwa skeli ya 1:20. Darasa la mita 9 kwa 7 litakuwa sentimita 45 kwa 35. Kitoeni nje, mkigeuze kuelekea pande mbalimbali, mchungulie kwa tundu na kuandika mnayoyaona.

4. Bandikeni kazi zote ukutani. Kila kundi liulizwe maswali matatu na kundi lingine, kisha lichore tena.

Katika kazi hiyo hisabati, fizikia na jiografia hukutana juu ya karatasi moja, na mwanafunzi hutambua kwamba tanjenti haikuwekwa kitabuni kwa ajili ya mtihani peke yake.

Si wote watakaokuwa wasanifu. Lakini wengi wao siku moja watakaa katika kamati ya ujenzi ya kijiji au ya shule, na ramani itawekwa mezani mbele yao ikisubiri saini. Asiyejua kuisoma atatia saini kwa kumwamini aliyeileta. Anayejua ataweka rula juu yake, atauliza kaskazini ni wapi, na pengine atasema, kabla jembe la kwanza halijainuliwa, kwamba darasa hili litafaa zaidi likigeuzwa.